Mzee Akipotelea Barabarani, Tumtafute Wapi?

Miongoni mwa matangazo yanayosomwa misikitini baada ya swala, lipo moja ambalo hupita masikioni haraka kuliko mengine. Ni lile la mzee aliyetoka nyumbani tangu jana asubuhi, amevaa kanzu na koti jeusi, na hadi sasa hajulikani alipo. Mtoto akipotea, mtaa mzima hutaharuki. Kina mama hufunga kanga viunoni, vijana huacha kazi. Mzee akipotea, husemwa kuwa yule ni mtu mzima, atakuwa amekwenda kwa jamaa zake, atarudi. Wakati mwingine hurudi. Wakati mwingine saa za kwanza, ambazo thamani yake ni kubwa kuliko zote zitakazofuata, huishia katika kusubiri.

Juma hili ukurasa wetu wa familia umekusudia kulizungumza jambo hilo, na hasa ile sehemu yake ambayo hutajwa kwa nadra: mzee aliyepungukiwa na kumbukumbu ambaye hupotea akiwa safarini, ama akiendesha gari lake mwenyewe, ama akiwa amepanda la watu. Tumelitazama kutokea Kwai, kata iliyo juu katika milima ya Usambara, Wilaya ya Lushoto, kwa sababu wapo wanaodhani kuwa haya ni mambo ya Dar es Salaam na miji mikubwa. Milimani, husema, kila mtu anamjua mwenzake. Ni kweli anamjua, maadamu hajateremka mlima.

Kwai si mahali pageni kwa pilikapilika za biashara. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walianzisha hapo shamba la serikali la kujaribia mifugo na mazao ya Ulaya, na hadi leo sehemu hizo za Lushoto huishi kwa kabichi, karoti, viazi na matunda yanayoteremshwa kwa malori hadi masoko ya Tanga na Dar es Salaam. Wazee wa huko wamefungamana na barabara. Wapo waliokuwa madereva wa malori ya mboga, wapo waliokuwa utingo, wapo walioshuka ujanani kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya tambarare, upande wa Mombo, Mazinde na Korogwe, kisha wakarudi kujenga na kuoa. Barabara hiyo imo mikononi na miguuni mwao. Ndiyo maana akili inapoanza kuchoka, mara nyingi huko ndiko wanakoelekea.

Maradhi ya kusahau uzeeni, ambayo madaktari huyaita dimensia, si uzee wenyewe. Ni ugonjwa wa ubongo, na ule ulio mashuhuri zaidi umepewa jina la Alois Alzheimer, daktari wa Kijerumani aliyeueleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wanaoishi na maradhi haya ulimwenguni ni zaidi ya milioni 55, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Atakayesema kuwa kwetu hayapo, na atazame jirani tu: uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kuwa miongoni mwa wenye umri wa miaka 70 na zaidi, takriban watu 6 katika kila 100 walikuwa nayo. Hai na Lushoto hazitofautiani sana kwa hali ya hewa, kwa chakula, wala kwa namna wazee wanavyobaki vijijini huku vijana wakiwa mijini.

Tabia moja ya maradhi haya huwachanganya sana wenye nyumba. Yanapoanza, hayagusi kila kitu kwa pamoja. Mzee anaweza kusahau kwamba amekula, akasahau jina la mjukuu aliye mbele yake, lakini akasoma Surat Yaasin yote bila kukosea, kwa kuwa aliihifadhi utotoni. Na kuendesha gari ni hivyo hivyo. Mkono unakumbuka gia, mguu unakumbuka breki, jicho linakumbuka kuangalia kioo. Kinachopotea ni jambo jingine kabisa: naenda wapi, nimeshapita wapi, njia ya kurudi ni ipi. Familia inamwona babu amekaa wima kwenye pikapu yake, anapanga gia kama zamani, nayo huridhika kwamba hana tatizo. Gari linakwenda vizuri. Dereva ndiye hajui linakokwenda.

Nchini Marekani, ambako karibu kila mzee ana gari, watafiti walizikusanya taarifa za madereva wenye dimensia waliopotea na kuzichunguza. Walichokikuta kinafaa kusomwa na kila mwenye mzazi. Wengi wa wazee hao hawakutoroka nyumbani wala hawakuanza safari ngeni. Walikuwa katika safari ya kawaida, ya kwenda dukani au kwa jamaa, safari waliyoifanya mara nyingi na ambayo familia iliiridhia. Mahali fulani njiani kikatokea kitu kidogo: barabara imefungwa, mvua imezidi, kona imepitwa. Badala ya kusimama na kuuliza, mzee huendelea. Huendelea mpaka mafuta yaishe au gari liache njia. Na wapo ambao gari lilipokwama waliliacha na kuingia porini kwa miguu, wakakutwa si mbali nalo.

Msomaji wa Kwai atatuambia kuwa kwao wazee wenye magari ni wa kuhesabika. Tunakubali. Lakini wapo, na gari lenyewe mara nyingi ni Land Rover kuukuu au pikapu ambayo kijiji kizima kinautambua mngurumo wake. Na milima haimsamehi dereva aliyepitwa na kona. Kutoka Lushoto kushuka Mombo kupitia Soni ni kilomita 33 za barabara nyembamba inayojipinda kandokando ya korongo. Ukielekea upande wa pili, kupitia msitu wa Magamba, ukungu hushuka mchana wenye jua, na njia huchepuka kuelekea Shume, Lukozi, Mlalo na hatimaye Mtae, ambako ardhi inakatika ghafla na kuiacha nyika ya Mkomazi chini kabisa. Anayeiacha Mlalo kwa upande wa kaskazini na kuteremka Mng'aro na Mnazi amekwishatoka katika baridi na kuingia katika joto na vichaka, karibu na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi yenye tembo. Huko chini hakuna anayemjua babu wa Kwai kwa sura.

Hata hivyo, hatari iliyo kubwa zaidi kwa wazee wetu ni ya kupanda gari la watu. Anatoka alfajiri, anasimama kando ya barabara, Noa inasimama, anapanda. Kondakta hamuulizi, kwa nini amuulize mzee mwenye kofia na bakora anakokwenda, kama si kwa ajili ya nauli? Na kama hana nauli, abiria mmoja atamlipia kwa ajili ya thawabu. Kwa wema wa namna hiyo, mzee asiyejua alipo husogezwa kutoka gari moja hadi jingine. Kila aliyemsaidia amefanya hisani, naye anazidi kwenda mbali.

Kwa hiyo Mombo ndiyo lango. Maadamu mzee yuko juu ya mlima, yuko mikononi mwa watu wanaoweza kumtambua kwa ukoo, kwa lafudhi, kwa kufanana na baba yake. Akishafika Mombo, amefika kwenye barabara kuu. Mkono mmoja ni Korogwe, Segera, na kutoka hapo Tanga au Dar es Salaam. Mkono wa pili ni Same, Moshi na Arusha. Mabasi husimama hapo mchana na usiku, na dakika kumi zinatosha kumtoa mtu katika mkoa anaojulikana. Tungekuwa na la kusema kwa familia yoyote ya Lushoto iliyopotelewa na mzee, lingekuwa hili kabla ya mengine: simu ya kwanza nje ya kijiji ipigwe Mombo. Apigiwe mtu wa stendi, wakala wa basi, mama anayeuza chai, mwenye kituo cha mafuta, yeyote anayefahamika. Katika familia nyingi za Usambara hakosekani mtu wa kumpigia Mombo.

Lakini kutangulia kupiga simu mbali hakumaanishi kuacha kutafuta karibu. Jimbo la Georgia, huko Marekani, mwaka 2006 lilipitisha sheria iitwayo Mattie's Call, inayolazimisha taarifa za mtu mzima asiyejiweza aliyepotea kusambazwa haraka. Jina hilo ni la bibi mwenye ugonjwa wa Alzheimer aliyetoka nyumbani kwake Atlanta mwaka 2004. Mwili wake ulipatikana miezi minane baadaye. Ulikuwa karibu na nyumba yake. Watu walikuwa wametafuta na kupiga simu, na yeye alikuwa pale jirani.

Aliyepotewa na kumbukumbu hatafutwi kama mtoto. Mtoto akisikia jina lake hulia au huitika. Mzee huyu anaweza kusikia jina lake likiitwa na asijibu, ama kwa kuwa hajui kama ni lake, ama kwa kuwa anaogopa wanaomwita. Anaweza kukaa kimya chini ya mgomba hatua thelathini kutoka njia wanayopita watafutaji na tochi zao. Kwa hiyo haitoshi kupita njiani ukiita. Ni lazima kuingia: katika shamba la migomba, nyuma ya choo, katika banda la ng'ombe, katika korongo la mto, ndani ya gari bovu lililoegeshwa miaka mingi. Na kwa Kwai na Magamba kuna jambo la baridi. Mwezi Juni na Julai usiku wa huko ni mkali, na mzee aliyelala nje kwa kanzu iliyolowa umande hana saa nyingi.

Wapi pengine? Mahali alipoishi zamani. Ubongo unaougua hupoteza kwanza ya jana na hubakiza ya zamani. Kwa hiyo mzee anayesema anakwenda nyumbani hazungumzii nyumba aliyojengewa na wanawe mwaka juzi. Anazungumzia nyumba ya mama yake. Uingereza polisi wana utaratibu uitwao Herbert Protocol, na asili ya jina hilo ni George Herbert, askari wa zamani aliyepigana Normandy katika Vita vya Pili vya Dunia, ambaye akiwa na dimensia alitoka kuitafuta nyumba ya utotoni mwake na akafariki kabla hajapatikana. Utaratibu wenyewe ni fomu tu. Familia huijaza mapema, mzee akiwa bado yupo nyumbani: picha yake ya karibuni, dawa anazotumia, alipozaliwa, alipofanyia kazi, misikiti au makanisa anayoyapenda, namba za gari lake, mahali alipopatikana safari iliyopita. Siku akipotea, haulizwi mtu aliyechanganyikiwa kwa machozi, karatasi ipo.

Fomu hiyo haihitaji serikali wala fedha. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, ukabaki kwa binti au mkwe, na nakala yake ikapigwa picha kwenye simu. Na kwa Mwislamu kuna mstari mmoja wa kuongeza humo: misikiti yote aliyowahi kuswali kwa muda mrefu. Wengi wa wazee hawa huamka saa saba au saa nane za usiku wakidhani ni alfajiri, wakatawadha na kutoka. Familia inapoamka, kitanda ni kitupu. Basi msikitini paangaliwe kwanza, ule wa karibu, halafu ule wa zamani. Na njia zote mbili zipitiwe kwa miguu.

Kuna dhana iliyoenea kwamba polisi hawapokei taarifa ya mtu mzima mpaka saa 24 zipite. Tunawaomba wasomaji waiondoe vichwani. Aliyepungukiwa na akili au kumbukumbu si mtu mzima aliyeamua kusafiri. Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wajulishwe ndani ya saa ya kwanza, kisha kituo cha polisi, kwa miguu au kwa namba 112, na familia isiondoke kituoni bila namba ya RB. Kama ametoka na gari, jambo la kuanza nalo ni namba za gari, aina yake na rangi yake. Barabara ya kutoka Segera hadi Same haina mabango ya taa kama yale ya Florida, ambako tangu mwaka 2008, baada ya bibi wa miaka 86 kutoka na gari lake na kukutwa amezama majini, namba za gari la mzee aliyepotea huonyeshwa juu ya barabara kuu ili kila dereva azisome. Lakini sisi tuna kitu ambacho Florida haina. Tuna askari wa usalama barabarani kila baada ya kilomita chache, tuna madereva wa mabasi wanaopigiana simu kutwa kuulizana hali ya njia, tuna bodaboda katika kila njia panda. Taarifa ikiwafikia ikiwa na namba sahihi, haiwezekani Land Rover ya kijani yenye mzee mmoja ndani ikavuka Same bila mtu kuiona.

Kuhusu makundi ya WhatsApp, tunasema kwa uchache. Tangazo lisilo na tarehe huzunguka miezi sita baada ya mzee kurudi, na watu wakizoea matangazo yaliyopitwa na wakati huacha kusoma yote. Liandikwe tarehe, liandikwe lugha anayoijibu mzee (wengi maradhi yakizidi hurudi kwenye Kisambaa peke yake, na huko Dar es Salaam hudhaniwa kuwa wanaweweseka), na akipatikana litangazwe hilo nalo. Wapo pia wasiomwogopa Mungu wanaopiga simu kusema mzee yuko nao, tumeni fedha ya nauli kwenye namba hii. Dawa yake ni kubakiza alama moja isiyotangazwa, kovu la mguuni au jino la dhahabu, na kumtaka mpigaji aitaje.

Tumeulizwa zaidi ya mara moja kama inajuzu kutangaza aliyepotea kwa kipaza sauti cha msikiti, maana ipo Hadithi katika Sahih Muslim inayokataza mtu kutangaza kilichompotea msikitini, kwa kuwa misikiti haikujengwa kwa ajili hiyo. Kwa sababu yake baadhi ya maimamu husita, na kusita kwao kunatokana na kuuheshimu msikiti. Lakini Hadithi hiyo inazungumzia mali, na wanazuoni wengi wametofautisha kati ya ngamia wa mtu na roho ya mtu. Kuokoa nafsi ni katika mambo makubwa ya dini yetu. Imamu ambaye bado moyo wake ni mzito anaweza kulitoa tangazo nje ya sehemu ya kuswalia, mlangoni au uani. Asilolitoa kabisa, sisi tunaona amekosea kipimo.

Tunafika sasa penye uzito zaidi, napo hatutapita haraka. Mzee aliyepotea usiku huiona nyumba, hudhani ni yake, na husukuma mlango. Hazungumzi, au anazungumza yasiyoeleweka. Pengine amevua nguo, maana maradhi haya huwafanya baadhi yao kuvua. Nani asiyejua neno litakalosemwa na wenye nyumba ile? Kwa miaka mingi nchi hii imezika wazee, hasa vikongwe wa Kanda ya Ziwa, waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingine kwa dalili isiyozidi macho mekundu ya moshi wa jikoni. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928, na haikuwalinda. Tanga si Shinyanga, tunaambiwa. Lakini imani ile haikosekani milimani, na mtu mgeni aliyekutwa uani saa tisa za usiku, kimya na mtupu, haulizwi kwanza kama ni mgonjwa.

Kwa hiyo kutangaza mapema ni kumlinda mzee dhidi ya watu kama kunavyomlinda dhidi ya baridi. Kijiji kilichosikia jioni kuwa Mzee wa fulani amepotea na ana maradhi ya kusahau, usiku kikimkuta kitasema, huyu hapa. Kisichosikia kitapiga mwano. Ndiyo sababu tunasikitishwa na familia zinazoficha, zikiona aibu watu wasijue kuwa babu amechanganyikiwa. Aibu hiyo haina msingi katika Uislamu. Qur'an, katika Surat An-Nahl aya ya 70, imeitaja hali ya mja kurudishwa katika umri dhaifu hata asijue kitu baada ya kuwa alikuwa akijua, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na umri huo. Jambo lililotajwa na Qur'an waziwazi, sisi tunalifichia nini? Tena mtu huyo amesamehewa. Asiye na akili timamu kalamu imeinuliwa juu yake, na anayemgombeza kwa kuswali rakaa sita adhuhuri anamdai asichodaiwa na Mola wake.

Anayejua kabla ya wote ni mkwe. Binti yupo kwa mumewe, wana wapo mjini, na mke wa mtoto wa kiume ndiye anayepika, anayefua kanzu, anayeona kuwa babu ameweka viatu ndani ya pipa la maji. Akisema kuwa babu asipewe tena ufunguo wa gari, ataambiwa anataka kumtawala baba mkwe. Tumeyasikia hayo katika nyumba nyingi. Tunawaomba wana wa kiume walio mijini, wanaopiga simu Ijumaa kwa dakika tano na kumsikia mzee akijibu salamu vizuri, wamsikilize mke aliyeko huko. Dakika tano mtu hujikaza. Kutwa nzima hawezi.

Na ufunguo? Nchini Japani, ambako mwaka 2023 polisi walipokea taarifa za zaidi ya watu 19,000 wenye dimensia waliopotea, dereva wa miaka 75 na zaidi hupimwa kumbukumbu anapohuisha leseni. Kwetu leseni huhuishwa kila baada ya miaka 5, na katika muda huo mengi yanaweza kubadilika katika kichwa cha mzee. Kwa hiyo kazi hii hubaki kwa familia. Ni kazi chungu. Gari kwa mzee wa milimani si chombo cha usafiri tu. Ndilo lililosomesha watoto, ndilo lililobeba maiti za kijiji bila malipo. Kumpokonya mbele ya wajukuu ni kumvunja. Zipo njia za upole. Gari linaweza kwenda gereji na gereji ikachelewa. Waya wa betri unaweza kutolewa. Mjukuu anaweza kuomba kufundishwa, akashika usukani, naye babu akakaa kushoto akimwelekeza kona za Soni ambazo bado anazijua. Daktari akisema ni bora zaidi kuliko mtoto akisema, kwani mzee hakumlea daktari.

Daktari huyo aonwe kwa sababu nyingine pia. Si kila anayechanganyikiwa ghafla ana dimensia. Malaria, homa, maambukizi ya njia ya mkojo, ukosefu wa maji mwilini, na sukari kushuka kwa mgonjwa wa kisukari, vyote huweza kumfanya mtu mzima mwenye akili zake apotee njia anayoijua, au asinzie kwenye usukani, navyo hutibika. Familia iliyokwishasema "ni uzee" au "amechezewa" huweza kumkosesha mzee tiba ya siku tatu. Hospitali ya Wilaya ya Lushoto ipo, na kwa maradhi ya akili Usambara ina Lutindi, upande wa Korogwe, hospitali inayowahudumia wagonjwa hao tangu mwanzoni mwa karne ya 20.

Akipatikana, asipokelewe kwa ukali wala kwa maswali ya polisi. Apewe maji, kitu cha sukari kidogo kama hana kisukari, ziangaliwe nyayo zake na mgongo wake, apelekwe akapimwe hata kama anasema mzima. Baada ya siku moja mbili, akiwa ametulia na kikombe cha chai mkononi, mjukuu anayependwa naye amuulize kwa sauti ya kawaida: babu, siku ile ulikuwa unakwenda wapi? Wengi watajibu. Atasema alikuwa anakwenda kuchukua mshahara Mazinde, au kumfuata mama yake Mlalo, au alikuwa amechelewa kupakia kabichi. Jibu hilo liandikwe katika ule ukurasa wa daftari, pamoja na tarehe.